Nyumba za Amu haziuzwi na mtu mmoja

Mhariri,

Kwa muda sasa wasomaji wako wamekuwa wakijibizana katika ukurasa huu kuhusu nyumba za mji wa kale wa Lamu na za Shela zinazozidi kuuzwa. Nimezisoma barua hizo kwa makini. Wako wanaosema kuwa ni sisi wenyewe watu wa Amu, kama tunavyouita mji wetu wa Lamu, tunaouza mji wetu, kila mmoja kwa hiari na tamaa yake, basi tusitafute wa kulaumu. Wako na wanaosema dunia imebadilika, bandari imekuja, utalii umeingia, umaskini umezidi, na mnyonge hana la kufanya. Mimi sikubaliani na upande wowote kati ya hizo mbili, na naomba nafasi nieleze sababu zangu.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mzaliwa wa Mkomani, mtaa wa mji wa kale. Nyumba ninayokaa niliipata kwa mama, naye aliipata kwa nyanya yangu. Kwetu ndivyo ilivyokuwa: binti akiolewa alipewa nyumba, au orofa, au japo chumba katika nyumba ya wazee wake, na mume ndiye aliyehamia. Mtoto wa kiume alikwenda kukaa kwa wakwe. Kwa hivyo mtaa ulikuwa ni madada, mabinti wa mama wadogo, wajukuu wa nyanya mmoja, na mwanamke alikuwa na kuta ambazo hata akiachwa hazimtoki. Nalitaja hili mapema kwa sababu wengi walioandika ni wanaume, nao wamezungumzia milango ya nakshi, bei na watalii. Hakuna aliyesema kwamba nyumba inapouzwa Amu, mara nyingi ni mwanamke anayepoteza mahali pa kurudi.

Sasa niwapeleke kichochoroni kwetu. Kina nyumba kumi na moja. Nilipokuwa msichana zote zilikuwa na watu, na watu wenyewe walikuwa wengi kuliko vyumba. Leo zenye wakaazi wa mwaka mzima ni nne. Nimeziona zikiuzwa moja baada ya nyingine, na kwa kuwa wauzaji ni watu wangu, najua kila moja iliuzwa kwa nini.

Wa kwanza kuuza alikuwa jirani yetu mjane. Mwanawe mkubwa figo zilimharibikia, na akawa lazima asafishwe damu Mombasa kila wiki. Anayekaa bara hawezi kujua maana ya hilo kwa mtu wa kisiwani: boti hadi Mokowe, kisha basi la siku nzima, na miaka ile mabasi yalikuwa yakisubiriana ili yasindikizwe na polisi. Ilibidi wahamie Mombasa, wapange chumba karibu na hospitali. Akauza. Yule anayeandika gazetini kwamba watu wa Amu wameuza kwa tamaa na amwendee mama huyu amwambie hivyo usoni.

Nyumba ya pili iliuzwa na warithi. Mwenyewe alipofariki hakuacha wasia wala mpango wowote. Mirathi haikugawanywa, kisha wakafa na baadhi ya warithi, na mafungu yao yakagawanyika tena. Siku ya kukaa mbele ya kadhi walikuwa watu kumi na wanne, wengine Malindi, wengine Mombasa, mmoja Jeddah, na mwingine hajawahi kuiona nyumba yenyewe. Kuna mjukuu ambaye fungu lake lilikuwa moja katika arubaini na nane. Hilo mtu atalikaa vipi? Hata ngazi haipati. Walipokuja na dalali hakuna aliyepinga, kwa sababu kila mmoja alikuwa akiangalia fungu lake, na hakuna aliyekuwa ameiangalia nyumba nzima tangu mzee alipozikwa.

Aliyenunua hiyo ya pili aliifanya nyumba ya wageni. Ilikuwa na wikio, ule ushoroba unaopita juu ya njia na kuunganisha orofa za nyumba mbili, na ndimo walimopita mama zetu kwenda kujuliana hali bila kushuka chini. Mwenye nyumba mpya akauziba kwa mawe, kwa usalama wa wageni wake. Haki yake, nyumba ni yake. Lakini upande wa pili wa ukuta ule alikuwa akikaa bibi mmoja ambaye magoti hayakumruhusu tena kushuka ngazi. Kwa miaka mingi sinia la futari lilimfikia kwa kupita juu. Jirani aliyekuwa akimpelekea ameshahama, na hata angalikuwapo, njia haipo. Bintiye akamchukua, akampeleka kwake Wiyoni. Nyumba ikakaa tupu misimu miwili ya mvua, dari ikaanza kuvuja, boriti zikaoza. Wakaiuza kwa bei ya kutupa. Hiyo ni ya tatu.

Zilizofuata sina haja ya kuzisimulia kila moja. Mmoja aliuza kwa ajili ya karo ya chuo kikuu ya watoto wawili. Mmoja aliuza kwa sababu alichoka na kelele za mafundi na za wageni wa juu ya paa usiku wa manane, na watoto wake hawakuwa na mwenzao wa kucheza naye. Na mmoja aliniambia hivi: "Mwalimu, nimebaki na nani hapa? Nikipatwa na jambo usiku nitampigia nani ukuta?"

Naomba wasomaji walitazame neno la huyu wa mwisho. Yule mjane wa kwanza aliuza akiwa katika kichochoro kilichojaa. Aliwaacha majirani, akalia nao, wakamsindikiza hadi gatini. Alikuwa na sababu yake mwenyewe, na sababu hiyo ilitoka ndani ya nyumba yake. Huyu wa mwisho hana mgonjwa, hana deni, hana mirathi yenye mgogoro. Sababu yake ni sisi. Sababu yake ni kwamba wale waliomtangulia waliuza. Kila mmoja alichagua, na alichagua kweli, kwa akili yake timamu na mbele ya mashahidi. Lakini machaguo yetu yakirundikana hugeuka kuwa nguvu inayomsukuma aliyebaki, na yeye huiona nguvu hiyo ikitoka nje, hajui imetoka wapi, akasema dunia imebadilika. Dunia hiyo tumeibadilisha sisi, mmoja mmoja, kila mtu na udhuru wake. Ndiyo maana naona walioandika pande zote mbili wameshika nusu ya jambo.

Si kwamba hakuna nguvu za mbali. Ziko, na nimeziona zikipita. Mwaka 2011 watalii walipovamiwa Kiwayu na Manda na wengine wakatekwa kupelekwa Somalia, ndege zilizokuwa zikileta wageni Manda zilikuja tupu. Jeshi letu likavuka mpaka mwezi wa Oktoba mwaka huo huo. Wavuvi wakakatazwa kuvua usiku, na marufuku hiyo ikadumu miaka. Juni 2014 Mpeketoni wakauawa watu zaidi ya sitini, ikafuata amri ya kutotoka nje usiku kaunti nzima. Nilikuwa bado nafundisha wakati ule. Walikuwapo watoto ambao baba zao walikuwa manahodha wa mashua za wageni, wapishi wa hoteli, wavuvi wa usiku, na wote walikosa kazi kwa pamoja. Wakija darasani wananyamaza. Mwaka 2018 serikali iliposimamisha ukataji miti nchini, mikoko yetu nayo ikaingizwa humo, na wakata boriti wakakaa barazani. Mwaka 2020 ukaja ugonjwa wa korona.

Kila msiba wa namna hiyo ulipotupata, madalali walikuwa na kazi. Mwenye nyumba alihitaji pesa wiki hiyo hiyo, na mnunuzi aliweza kungoja hata mwaka mzima. Hapo hakuna mizani. Mtu anayeuza akiwa na njaa na anayenunua akiwa ameshiba, wote wawili wameweka saini kwa hiari, na karatasi haioneshi tofauti yao.

Na bandari mpya ya Lamu nayo. Jiwe la msingi liliwekwa Machi 2012, na gati la kwanza likafunguliwa Mei 2021. Kabla hata ya kuona meli moja, ardhi ya Lamu ilishaanza kuchukuliwa kwa maelfu ya ekari na watu wasiowahi kuikanyaga. Sisemi uvumi: mwaka 2014 Rais wa wakati huo mwenyewe alitangaza kufuta hati za ekari laki tano zilizogawiwa kampuni ishirini na mbili katika kaunti hii. Ekari laki tano! Nasi huku mjini tunagombania chumba cha mirathi cha hatua nane kwa nne. Kijana aliyekulia katika hali hiyo akiona ardhi ni kitu cha kuwahi kuuza kabla hujanyang'anywa, nani amemfundisha?

Nije kwa wanunuzi, maana barua nyingine zimewatukana nami sitaki kuingia humo. Wageni wa nje ya nchi, kwa mujibu wa kifungu cha 65 cha Katiba, hawawezi kumiliki ardhi moja kwa moja. Hukodi, na muda hauzidi miaka 99. Baadhi yao wamefanya kazi ambayo sisi hatukuweza. Niliona nyumba iliyokuwa gofu, mpapai umeota ndani ya msana, ule ukumbi wa ndani, ikasimamishwa upya kwa chokaa na boriti, na zidaka, vile vishubaka vya ukutani, zikachongwa moja moja na mafundi wa hapa hapa. Mafundi hao wamelea watoto wao kwa kazi hiyo. Namshukuru aliyeifanya. Lakini nyumba hiyo hufunguliwa siku chache za Krismasi na za Julai, na siku nyingine zote hukaa mlinzi peke yake. Msikiti ulio jirani nayo, sauti ya adhana ni ile ile, safu ndiyo iliyopungua. Ukuta umepona na mtaa umekufa, na sijui kama tumepata au tumekosa.

Mji wetu ulitiwa katika orodha ya urithi wa dunia na UNESCO mwaka 2001. Tulifurahi, na mimi niliwaandalia wanafunzi wangu insha juu ya jambo hilo. Pamoja na heshima ile kuna kanuni za jinsi ya kutengeneza nyumba, na kanuni zenyewe ni nzuri. Saruji haifai katika kuta za matumbawe. Inazuia ukuta kupumua, unyevu unabaki ndani, na baada ya miaka michache lipu inabanduka na kutoka na jiwe. Kila fundi mzee atakwambia hivyo. Ila mfuko wa saruji uko dukani, na chokaa cha kuchoma ni ghali na ni cha kutafuta, na boriti nzuri ya mkoko siku hizi ni ghali vile vile. Mwenye uwezo anafuata kanuni na nyumba yake inapendeza. Asiye na uwezo anapaka saruji kwa kujificha, au anaacha paa liporomoke, au anaiuza kwa anayeweza kufuata kanuni. Sijaona mpango wowote wa kumsaidia huyu wa pili uliomfikia mlangoni pake. Nimeona maofisa wakija kupima madirisha.

Wanafunzi wangu wa zamani nikiwauliza kuhusu nyumba za wazee wao hunijibu: "Mwalimu, nyumba hailiwi." Wanataka kiwanja Wiyoni, Mokowe au Hindi, wajenge vyumba vitatu vya matofali vyenye jiko la ndani na mahali pa kuweka pikipiki. Mabinti nao wanataka hivyo hivyo, pengine zaidi kuliko waume zao. Hawataki kukaa orofa moja na mama na khalati, dada wa mama, na kusikilizwa kila wanalosema. Nawaelewa. Sitasema uongo kwamba maisha yale ya zamani yalikuwa mazuri kwa kila mtu. Kuta zile zile zilizotulinda zilitufungia. Wenzangu wengi hawakuona pwani kwa miaka mpaka walipoolewa, na walipoolewa waliiona usiku.

Mimi nilitoka kwa sababu ya baba yangu. Nilipomaliza shule ya msingi, wasichana wa rika langu waliokwenda mbele walikuwa wa kuhesabika. Baba akasema nitasoma, na baadaye nitakwenda chuo cha ualimu bara. Nyumba yetu ilijaa watu siku zile. Ami yangu alikuja na wazee wawili wa msikitini, wakakaa na baba tangu alasiri hadi magharibi. Walisema atanipoteza, walisema hakuna atakayenioa, walisema atafungua mlango ambao hautafungika. Mama alikuwa nyuma ya pazia akinisikilizisha. Baba aliwajibu kwa adabu, akawapa kahawa, na asubuhi yake akaninunulia sanduku la bati.

Hakuwa mtu mkubwa, alikuwa mshonaji wa matanga ya mashua. Lakini mwaka uliofuata jirani yetu wa mkono wa kushoto alimpeleka binti yake, na alipoulizwa alisema, "Kama yule ameweza na binti yake amerudi na heshima yake, mimi nina nini?" Baadaye wakaenda wawili, kisha wanne. Nilipoanza kufundisha, wazazi walikuwa bado wananijia kuuliza kama kweli inafaa. Nilipostaafu, mzazi asiyempeleka binti shule ndiye aliyekuwa akiona haya. Ile aibu ilihama upande. Ilihama kwa baba mmoja mmoja, kila mmoja akimwekea mwenzake njia nyepesi kidogo kuliko aliyoikuta yeye. Hakuna sheria iliyofanya hivyo mtaani kwetu. Serikali ilijenga shule, hilo ni kweli na ni kubwa, lakini shule ilikuwapo miaka mingi na wasichana wapo nyumbani.

Ndiyo maana siwezi kuvumilia nikisoma kwamba mtu mmoja hana la kufanya. Nguvu ile ile iliyotoa watu katika kichochoro chetu ndiyo iliyotutoa sisi mabinti nyuma ya pazia. Inafanya kazi kwa njia moja, ikipanda na ikishuka.

Na kuna mfano wa karibu zaidi. Tulipoambiwa kwamba kutajengwa mtambo wa umeme wa makaa ya mawe Kwasasi, wa megawati 1,050, tuliambiwa pia kwamba mambo yameshaamuliwa Nairobi. Wakubwa wanautaka, pesa za nje ziko tayari, nyinyi ni nani? Watu wa hapa walikataa kukubali kwamba ni hivyo tu. Nilihudhuria vikao. Walikuwapo wavuvi, wauza samaki, walimu wa madrasa, vijana wa mashua, na wanawake waliokuwa hawajawahi kusimama mbele ya umati. Tarehe 26 Juni 2019 Jopo la Kitaifa la Mazingira (National Environment Tribunal) lilifuta leseni ya mtambo ule, likasema wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mwaka mmoja kabla yake, Mahakama Kuu ya Malindi ilikuwa imeamua wavuvi wapatao 4,600 walioharibiwa kazi na ujenzi wa bandari walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Watu wale wale walioambiwa hawana sauti!

Nimejiuliza mara nyingi: mji uliosimamisha makaa ya mawe, mbona hauwezi kusimamisha kuuzwa kwa nyumba? Nafikiri jibu ni hili. Mtambo ulikuja na ubao, ramani na tarehe ya kikao. Tulijua siku ya kwenda na wa kumkabili. Nyumba inauzwa chumbani, kati ya watu wachache, na majirani hupata habari wakiona mafundi. Hakuna anayeitisha baraza kwa ajili ya nyumba ya fulani, kwa sababu ni mambo ya ndani ya familia na ni aibu kuingilia. Ile adabu yetu ya kutoingilia ya watu, ambayo naipenda, ndiyo inayotumaliza hapa. Hata vile vilima vya mchanga vya Shela, ambavyo mvua yake huchujika chini na kuwa maji ya visima tunayokunywa mji mzima, vimemegwa hivyo hivyo, kiwanja hapa na kiwanja pale, kila kimoja kikiwa ni shughuli ya mtu binafsi. Maji yakigeuka chumvi yatageuka kwa sote siku moja.

Basi ninayoyaomba ni haya, na mengine tumeshayajaribu sisi wenyewe kwetu.

Nyumba yetu ina warithi saba. Kaka yangu wa Mombasa alihitaji pesa na alikuwa na haki ya kuzihitaji. Badala ya kumlaumu tulikaa kikao, tukamwomba asimpeleke mtu wa nje kwanza. Tulinunua fungu lake kwa awamu. Mimi na dada yangu tuliuza dhahabu zetu, na binamu mmoja akatukopesha. Orofa ya juu tumeikodisha kwa mwaka kwa mpangaji anayekaa, wala si wa siku mbili tatu, na kodi tunaigawa kwa mafungu ya mirathi baada ya kutoa ya matengenezo. Haikuwa rahisi. Yuko mpwa wangu ambaye hasemi nami mpaka leo kwa sababu anaamini tungaliuza angalipata zaidi. Angalipata zaidi, ni kweli. Sijui nitamrudisha vipi, lakini nyumba ipo, na binti yake akitaka kurudi ana chumba.

Makadhi na masheikh wetu nawaomba wazungumze mambo haya kwenye darasa na hotuba watu wakiwa hai, wasingoje matanga. Waelezeni watu haki ya shufaa, kwamba mshirika katika mali hutangulizwa kununua kabla ya mtu wa nje. Waelezeni wakfu, kwamba mtu anaweza kuifunga nyumba isiuzwe wala isirithiwe, na manufaa yake yakaenda anakotaka yeye. Wazee wetu waliyajua haya. Misikiti mingi ya Amu inaendeshwa kwa nyumba na mashamba waliyoyaweka wao.

Serikali ya kaunti na wanaosimamia mji wa kale nawaomba wampatie mwenye nyumba maskini chokaa na boriti kwa bei nafuu kabla ya kumpa barua ya onyo. Kuwe na mkopo usio na riba wa kununua mafungu ya warithi, kwa wale wanaotaka kubaki. Na wikio ulindwe kama mlango wa nakshi unavyolindwa. Mlango ni pambo zuri, lakini wikio ni njia ya watu.

Wana wa Amu mlioko Mombasa, Nairobi, Uarabuni na Uingereza, mnaotuma salamu kila Maulidi na kusema mnaukumbuka mji: fungu lako dogo, lile usiloweza kukaa ndani yake, ndilo linalotimiza idadi ya saini anayoitafuta dalali. Usiposaini, watu watakaa chini wazungumze. Ni hilo tu, na linatosha kuanzia.

Mwisho nina neno kwa watu mahususi, nao watajijua. Iko nyumba moja mwisho wa kichochoro chetu ambayo warithi wake watakutana baada ya mfungo. Tumeshasikia bei. Sisi wa nyumba nne zilizobaki tumekaa, tumehesabu tulicho nacho, na tunaweza kuanza na fungu la yule mwenye haja kubwa zaidi kati yenu, mengine yafuate kidogo kidogo. Bei yetu haitafika ya yule mnunuzi. Tunaomba mtupigie hodi kabla hamjakwenda kwa wakili.

Mwalimu mstaafu,
Mkomani, Lamu